Magari yanayojiendesha: abiria hahitaji skrini kubwa, anahitaji kujua gari linataka kufanya nini

Mtoa mada

Heshima kwenu wakuu,

Nyuzi za magari yanayojiendesha zimekuwa nyingi, na karibu zote zinabishania mambo yaleyale: litagonga mtu au halitagonga, likigonga nani ashtakiwe, madereva watakwenda wapi. Ni maswali ya maana. Ila kuna mtu mmoja tunampita kila siku bila kumsalimia, naye ndiye anayekaa ndani ya hilo gari. Abiria. Tumbo lake likoje? Lori linapomsogelea ubavuni na kiti cha dereva kiko kitupu, atajuaje kama gari nalo limeliona?

Msimamo wangu nauweka mapema, mwenye kupinga apinge. Starehe ya abiria kwenye magari haya haitokani na ngozi ya viti wala ukubwa wa skrini. Inatokana na kujua gari linakaribia kufanya nini kabla halijafanya. Kampuni nyingi zilianzia upande wa pili, zikaanza kujenga sebule.

Januari 2015 Mercedes-Benz walionyesha Las Vegas gari la maonyesho waliloliita F 015, viti vya mbele vinageuka vikatazama nyuma, milango imejaa skrini. Januari 2020 Cruise, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, wakaja na gari la Origin, Desemba mwaka huohuo Zoox, kampuni ya Amazon, wakaleta lao. Yote mawili hayana usukani wala pedali, na abiria wanakaa wakitazamana. Origin halikufika mbali, General Motors walilisimamisha 2024. La Zoox limeanza kubeba watu wa kawaida Las Vegas mwaka 2025. Kwenye picha yanapendeza sana: watu wanacheka, wamekunja nne. Lakini hesabu vichwa uone nusu yao wanasafiri kinyumenyume, hawaoni kona inayokuja wala taa iliyobadilika.

Hapo ndipo tumbo linapoingia kwenye mjadala.

Sikio la ndani lina mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kikizunguka, na vijiwe vidogo vinavyohisi mwili ukisukumwa mbele, nyuma au pembeni. Macho nayo yanapeleka taarifa zao. Sikio likisema tunakata kona na macho yakisema tumetulia tunasoma, ubongo unakosa wa kumwamini na kichefuchefu kinaanza. Watafiti Reason na Brand walieleza mgongano huu kwa kina mwaka 1975, na bado ndiyo maelezo yanayotegemewa zaidi. Ushahidi mmoja mzito: watu ambao sikio lao la ndani halifanyi kazi kabisa hawapati kichefuchefu cha safari, hata baharini.

Sasa jiulizeni kwa nini ni nadra dereva kuugua. Gari ni lilelile, barabara ileile. Tofauti ni kwamba yeye anaijua kona kabla haijafika, maana mikono yake ndiyo inayoikata. Mwangalie vizuri kwenye kona kali: kichwa chake kinalala kidogo upande wa ndani wa kona, bila yeye mwenyewe kujua. Mwangalie abiria aliye pembeni yake, kichwa kinatupwa upande wa nje. Takahiro Wada na wenzake huko Japani walilifanyia jambo hili majaribio. Waliwaambia abiria wainamishe vichwa kama anavyofanya dereva, na kichefuchefu kikapungua. Kiti ni kilekile na kona ni zilezile, kilichobadilika ni kwamba mwili ulikuwa umejiandaa.

Gari linalojiendesha linamgeuza kila mtu kuwa abiria. Mwaka 2015 Michael Sivak na Brandon Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan walikadiria kwamba kati ya watu wazima 100 nchini Marekani watakaopanda magari haya, 6 hadi 10 watasumbuliwa na kichefuchefu mara kwa mara au kila safari. Chanzo kikuu walichokitaja ni kile ambacho matangazo yanatuuzia kama faida, yaani kusoma, kutazama video na kufanya kazi njiani.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya viti, mbunifu anapaswa kukaa na anayeandika programu ya breki. Sitanii. Kuna kitu madereva wazuri hufanya ambacho wengi wetu hatukioni kwa kuwa kikifanywa vizuri hakisikiki. Gari likibakiza nusu mita lisimame, dereva analegeza pedali kidogo sana. Gari linatua. Yule anayeshikilia breki kwa nguvu ileile hadi magurudumu yanakwama, pua ya gari inainama kisha bodi inarudi nyuma kwa mshtuko, na vichwa vya abiria wote vinaitika kwa pamoja. Nguvu ya breki inaweza kuwa sawa kwa madereva wote wawili. Walichotofautiana ni namna ilivyoondoka. Wahandisi hupima vyote viwili, nguvu yenyewe na wepesi wa kubadilika kwake, na kwa abiria hicho cha pili mara nyingi ndicho kinachouma zaidi.

Kiwango cha kimataifa ISO 15622, kinachohusu mifumo ya kufuata mwendo wa gari la mbele, kinataka breki za kawaida kwenye kasi ya barabara kuu zisizidi mita 3.5 kwa sekunde mraba, yaani kila sekunde kasi isipungue zaidi ya mita 3.5 kwa sekunde. Huo ni ukomo, msiuchukulie kuwa ndio mwendo wa kustarehesha. Anayesoma na kichwa chini atalalamika kabla hujafika nusu yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba breki laini inaanzia kwenye macho ya gari. Kamera na rada zikiona foleni mapema, gari linapunguza polepole. Zikichelewa, au zikidhani mfuko unaopeperuka ni kizuizi, hakuna kiti cha thamani yoyote kitakachomwokoa abiria. Na mtoto akikatiza mbele, gari lifunge breki zote lilizonazo, starehe itasubiri.

Karibuni tuchangie.

---

Fundi Shokapu

Mtoa mada umeandika vizuri, ila umeruka suspensheni kana kwamba haipo. Starehe ya gari ni springi na shokapu. Weka suspensheni ya hewa iliyo laini, hayo mengine yote yatajinyoosha.

---

Mtoa mada

Mkuu Fundi, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini hapa unachanganya maradhi mawili. Kuna kutikiswa na kuna kuyumbishwa. Kutikiswa kunachosha mgongo na dawa yake unaijua wewe kuliko mimi. Kichefuchefu kinaletwa na mwendo wa taratibu sana. Kiwango cha ISO 2631 kinachohusu mtetemo unaoupata mwili kinaweka eneo la kichefuchefu kati ya hezi 0.1 na 0.5, yaani kitu kinachokwenda na kurudi mara moja kwa sekunde 2 hadi 10. Bodi ya gari la kawaida juu ya springi zake huchezacheza kwa takriban hezi 1 na kidogo, ni juu ya hapo.

Sasa tafuta ni nini garini kinachojirudia kila sekunde 5 au 6. Utakuta ni kukanyaga mafuta na kuachia, kukanyaga breki na kuachia, kona ya kushoto na ya kulia. Huo ni uendeshaji, shokapu hazihusiki. Tena ukilainisha suspensheni kupita kiasi unaongeza kulala kwa bodi kwenye kona na kuinama kwa pua kwenye breki, unamwongezea abiria kile kile alichokikimbia.

---

Fundi Shokapu

Hapo kwenye kulainisha kupita kiasi nakubali, nimeona magari yanayoelea kama mtumbwi na wenyewe wakilalamika vichwa. Ila usiniambie gari gumu ni starehe.

---

Mtoa mada

Siwezi kukuambia hivyo mkuu. Barabara mbovu inamtaka fundi kwanza, programu baadaye.

---

Mama Safari

Jamani mimi nikishika simu ndani ya gari, ujumbe wa pili tu jasho baridi linanitoka. Sasa kama kwenye hilo gari siwezi kusoma wala kufanya kazi, faida yangu iko wapi? Si bora niendeshe mwenyewe.

---

Mtoa mada

Dada yangu, swali lako ndilo linalotenganisha mbunifu na mpambaji.

Watafiti Cyriel Diels na Jelte Bos waliandika mwaka 2016 kuhusu kichefuchefu ndani ya magari haya, na hoja zao kuu ni mbili: mpe abiria uwezo wa kutabiri mwendo, na usimfanye atazame kitu kinachopingana na anachohisi. Ukizichukulia hizo kwa uzito, gari zima linabadilika umbo. Madirisha yanakuwa makubwa na yanashuka chini ili ncha ya jicho iione barabara ikipita. Skrini inapanda juu, usawa wa macho, karibu na kioo cha mbele, ili hata ukisoma upeo wa macho uwe bado unauona pembeni. Mahali pabaya kuliko pote pa kuweka skrini ni mapajani, na ndipo simu yako inapokaa.

Wengine wanajaribu kurekebisha simu yenyewe. Mwaka 2024 Apple walitangaza vidoti vinavyotokea kwenye kingo za skrini na kusogea kulingana na mwendo wa gari: gari likikata kona, vidoti navyo vinahama, macho yanapata taarifa ileile ambayo sikio limeshaipata. Kabla yao, 2018, Citroën walitoa miwani isiyo na vioo, yenye duara mbele na pembeni zilizojazwa nusu maji ya rangi, yale maji yanalala kama upeo wa macho unavyolala. Muonekano wake ni wa ajabu, lakini wazo ni sahihi kabisa.

Ninachokipenda zaidi ni kumtahadharisha abiria kidogo kabla ya tukio. Kompyuta ya gari tayari inajua kwamba kona ya kulia inakuja, njia yake imeshaipanga. Kwa nini siri hiyo ibaki kwenye kompyuta? Kiti kinaweza kubonyea taratibu upande mmoja, au mstari wa taa ukakimbia kwenye ukingo wa mlango kuelekea gari linakogeukia. Abiria hahitaji kuacha kusoma. Mwili unapokea, shingo inajiandaa, kona inapita. Iwe ishara ndogo, isizidi hapo. Gari linalokupigia kelele kila likitaka kubadili njia litakuchosha kabla ya kituo cha pili.

---

Mzee wa Hoja

Mtoa mada unakuza mambo. Watu watazoea. Treni zisizo na dereva zipo tangu miaka ya themanini, Kobe 1981, Lille 1983, na leo watu wanasinzia humo. Mwanadamu anazoea kila kitu.

---

Mtoa mada

Mzee wangu, mfano mzuri na nimeufikiria. Lakini treni ina reli. Abiria wake anajua itakapopita, hakuna anayeichomekea, na mara nyingi milango ya vioo kituoni inamzuia mtu kushuka relini. Nusu ya uamuzi imeshafanywa na chuma kilicholala chini. Gari linaamua upya kila sekunde mbele ya watu ambao nao wanaamua.

Halafu kuna kuzoea na kuzoea. Mtu anayekaa ameng'ang'ania mkono wa mlango anaweza kufika salama kila siku na bado asiwe amestarehe hata siku moja.

Nitoe mfano wa jambo dogo linaloharibu imani. Gari limesimama kabla ya makutano. Taa ni ya kijani. Mbele hakuna kitu. Sekunde zinakwenda, nyuma wanaanza kupiga honi. Abiria anageuza shingo kulia, kushoto, anaangalia kioo, anahisi aibu kwa kosa ambalo si lake. Kumbe kuna mwendesha baiskeli anatokea nyuma ya basi, gari limemwona kwa sensa zake zilizo juu ya paa, abiria hawezi kumwona kutoka alipokaa. Gari liko sahihi kabisa, na abiria amepoteza imani nalo kabisa. Mstari mmoja kwenye skrini ungemaliza yote: "Nasubiri baiskeli ipite." Si lazima iwe sauti.

Ndani ya magari ya Waymo, kampuni iliyotokana na mradi wa Google wa magari yanayojiendesha, kuna skrini inayochora barabara, magari ya jirani, watembea kwa miguu, na njia ambayo gari limepanga kupita. Kazi ngumu kwenye mchoro wa namna hiyo ni kuamua nini kisionekane. Sensa zinaona kila nguzo, kila jani. Ukimwonyesha abiria vyote, unampa kazi ya kukagua, na mtu anayekagua hajapumzika. Ukimwonyesha vichache mno, siku mtu anayemwona kwa macho yake hayupo kwenye mchoro ataomba kushuka. Nadhani kipimo sahihi ni hiki: kionekane kila kinachoweza kubadilisha mwendo wa gari hivi sasa, na sababu ya kila mabadiliko yanayohisiwa mwilini. Basi.

---

Mzee wa Hoja

Hilo la baiskeli limenigusa. Nakuachia hoja moja, nyingine nabaki nayo.

---

Fimbo Nyeupe

Wakuu naomba niingie. Mimi sioni. Ninasoma uzi huu kwa kisoma skrini. Mmeongelea vidoti, mistari ya taa, michoro. Magari haya tuliambiwa ni ukombozi wetu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Tuko wapi kwenye mjadala?

---

Mtoa mada

Ndugu yangu, asante, na una haki ya kuuliza. Mtu wa kwanza kusafirishwa na gari la Google barabara za umma bila dereva wala mfanyakazi ndani yake, mjini Austin, Marekani, Oktoba 2015, alikuwa Steve Mahan, na yeye haoni. Historia hii ilianza na watu wa upande wako, kwa hiyo ubunifu hauna kisingizio.

Kwako safari inaanza nje ya gari. Dereva wa kawaida angekuita kwa jina, angepiga honi, angeshuka akushike mkono hadi mlangoni. Vyote hivyo vimeondoka pamoja naye na lazima virudishwe kwa njia nyingine. Waymo wameweka njia ya abiria kuliamuru gari litoe sauti ili alifuate, na programu ya simu inamwongoza hatua kwa hatua. Ndani, ule mstari wa "nasubiri baiskeli ipite" unapaswa kusemwa kwa anayetaka usemwe. Mwisho wa safari ndio mgumu zaidi. Kukuambia "umefika" haitoshi. Mlango upi uko upande wa njia ya miguu? Mbele ya mlango kuna nguzo, mtaro, au gari lililoegeshwa? Gari linajua yote hayo, limetoka kuyapima.

Na zile ishara za kiti kubonyea upande wa kona nilizomwambia Mama Safari, nadhani wewe ndiye utakayefaidi zaidi, maana hutegemei dirisha hata kidogo.

---

Fimbo Nyeupe

Ongeza moja: vitufe viwe vya kushikika. Skrini bapa isiyo na alama ni ukuta kwangu. Na mahali pa kitufe pasibadilike kati ya gari na gari. Nikijifunza mara moja iwe nimejifunza.

---

Mtoa mada

Limeingia, na nitalirudia kila nitakapoandika kuhusu jambo hili.

---

Kijana wa Usiku

Mimi nataka kulala tu. Kiti kilale kabisa, nifike nimepumzika. Inawezekana?

---

Mtoa mada

Bado, mkuu, na kikwazo ni mkanda. Mkanda umebuniwa ushike mifupa ya nyonga na bega la mtu aliyekaa wima. Ukilala chali, gari likigonga mwili unateleza chini ya mkanda na unabanwa tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kukulinda. Machi 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa kanuni kwamba hata gari lisilo na usukani lazima limlinde abiria kwa kiwango kilekile cha gari la kawaida. Kwa hiyo viti vinavyolala vinasubiri mikanda na mifuko ya hewa ya aina mpya. Sinzia ukiwa umekaa kwanza.

---

Mama Safari

Swali langu la mwisho. Nikitaka kushuka katikati ya safari? Nimejisikia vibaya, au aliyekaa naye ananitisha. Namwambia nani?

---

Mtoa mada

Dada, kitufe cha kusimamisha lazima kiwepo, na magari yanayobeba watu sasa yanacho, pamoja na kitufe cha kuongea na mhudumu. Lakini angalia kinachotokea baada ya kukibonyeza. Gari haliwezi kusimama papo hapo katikati ya njia tatu, linatafuta mahali salama kwanza. Abiria aliyebonyeza kwa hofu anaona gari linaendelea kwenda. Sekunde 10 za namna hiyo ni ndefu mno, atabonyeza tena na tena, atajaribu mlango.

Kwa hiyo jibu lije palepale, kwa sauti na kwa maandishi: nimekusikia, nasimama baada ya taa hizi, upande wa kushoto. Mwendo nao uanze kupungua hapohapo ili mwili upate uthibitisho kabla ya masikio. Mhudumu aunganishwe bila kuombwa. Na kwa hilo la jirani anayekutisha, kitufe kifikike kutoka kila kiti bila kumvuka mtu, na kuwe na njia ya kuomba msaada kimya kimya kupitia simu yako, gari lisitangaze kwa sauti kwamba ni wewe uliyeomba. Kamera za ndani zipo kwa ajili ya hali hizo. Abiria aambiwe wazi kabla ya kupanda zinarekodi nini, lini, na nani anatazama.

Aliyewahi kupanda moja ya magari haya atuambie kitufe alikikuta wapi na jibu lilikuja kwa muda gani.